Joistiki za Mjakaranda

Tuliiita joistiki ingawa haikuwa na fimbo yoyote. Ilikuwa kipande cha plastiki cha kijivu, ukubwa wa sabuni ya kuogea, chenye waya mrefu uliokwenda hadi kwenye mashine ya gemu chini ya televisheni. Upande wa kushoto kulikuwa na msalaba wa kumwongozea mtu wako: juu, chini, mbele, nyuma. Upande wa kulia kulikuwa na batani mbili nyekundu, moja ya kuruka na moja ya kurusha mawe. Joistiki zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa na batani ndogo ya ziada katikati, ya kuanzisha mchezo na kuusimamisha. Ya pili haikuwa nayo. Aliyeshika ya pili alipumzika pale tu wa kwanza alipotaka kupumzika. Sina haja ya kusema ni nani katika nyumba yetu ya mtaa wa Umoja aliyeshika ya kwanza.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la saba, na mdomo mkubwa. Mama, aliyekuwa karani katika ofisi moja mjini, alisema nilizaliwa nikiwa nimeshachelewa mahali. Baba aliniita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, kwa kuwa nilibeba jina la mama yake, na kwa sababu hiyo alinisamehe mengi. Ni vigumu kumgombeza mama yako.

Baba alikuwa mchongaji. Kila siku alikwenda soko la Gikomba, kwenye karakana ambapo wachongaji wa kwetu walikaa chini kwa safu, kila mmoja na mnyama wake. Kulikuwa na mzee wa twiga, mzee wa vifaru, mzee wa simba. Baba alikuwa wa swala. Aliwachonga wawili wawili, kwa sababu anayenunua swala anataka jozi ya kuweka kwenye rafu, mmoja mwisho huu na mwingine mwisho ule, wakitazamana. Swala mmoja hakuna anayemtaka. Basi Baba alimchonga wa kushoto kwanza, akamsimamisha mbele yake, kisha akamchonga mwenzake huku akimtazama huyo, kila kitu kikiwa kimegeuzwa. Sikio la huku lilikwenda kule, mguu uliotangulia ukabaki nyuma. Hakupima. Alikuwa amefanya hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na mikono yake ilikuwa haimuulizi tena.

Asubuhi moja tezo yake ya kuchongea ilimponyoka. Akainama kuiokota, na mkono wa kulia ukakataa. Wenzake walimleta nyumbani mdomo ukiwa umepinda upande mmoja, na hospitalini wakatuambia ni kiharusi. Mdomo ulirudi baada ya wiki chache, mguu nao ukarudi, ingawa aliuburuta kidogo. Mkono haukurudi. Aliuficha chini ya leso ya Mama, akikaa kwenye kochi kuanzia chai ya asubuhi mpaka taarifa ya habari.

Watu walikuja kumwona na sukari, maziwa, mkate. Kaka yake Mama, dereva wa lori la Mombasa, yeye alikuja na mashine ya gemu. Alisema ni ya kunituliza mimi ili mgonjwa apate amani. Mama alimtazama kaka yake, kisha akaenda kuchemsha chai.

Dada wa kliniki, aliyesimamia mazoezi ya viungo, alisema wazi mbele yetu sote: mkono usipopewa kazi mwaka huu, utakauka ubaki hivyo. Akampa Baba soksi zilizokunjwa kama mpira, awe anazifinya. Baba alizifinya siku mbili. Siku ya tatu alizirudisha kwenye kikapu cha nguo chafu.

"Huu umeshakufa," alisema, akiuonyesha mkono kwa kidevu. "Shule zikifungwa Desemba, nipelekeni nyumbani. Nitakaa na kuku."

Nyumbani maana yake Ukambani, kwa bibi. Mama asingeweza kuacha kazi, na mimi nilikuwa na shule. Angekwenda peke yake. Mtaani kwetu nilikuwa nimewaona baba wengine wakipelekwa nyumbani kupumzika, na walipumzika kweli, kila mara tukatumiwa habari ya mazishi. Kwa hiyo nilijua kinachokuja, na niliogopa kwa namna ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia. Nilicheza gemu.

Mchezo niliopenda ulikuwa wa watu wawili wanaokwea ukuta mrefu wa mawe. Televisheni yetu haikuwa na rangi, basi mmoja alikuwa mweusi na mwingine wa kijivu. Waliruka kutoka kibaraza hadi kibaraza, mawe yakiwaangukia kutoka juu. Kilichokuwa kigumu ni hiki: picha ilimfuata aliyetangulia. Mmoja akipanda haraka, picha inapanda naye, na aliyebaki chini anapotea kwenye ukingo wa kioo, amekufa. Mmoja tu akifika juu, mlango unafunguka naye anaendelea. Mwenzake, mchezo unamsahau.

Jioni moja baada ya shule nilichagua watu wawili kwa bahati mbaya, nikapanda na wangu. Yule wa kijivu alisimama pale chini, hana mtu wa kumwongoza, mpaka kioo kikammeza.

"Huyo wa pili mbona umemwacha?" Baba aliuliza. Sikujua alikuwa akitazama.

"Hana mwenyewe, Baba."

Nikaanza upya, bado wawili kwa uvivu wa kubadilisha, na yule wa kijivu akamezwa tena. Mara ya tatu Baba alinyoosha mkono wa kushoto. "Hebu lete hicho."

Nikampa joistiki ya pili. Aliiweka pajani. Kidole gumba cha kushoto kiliweza kusukuma msalaba, lakini batani za kurukia zilikuwa kule kulia, kazi ya mkono uliokuwa chini ya leso. Akawa anasukuma msalaba, anauacha, anavusha mkono uleule kwenda kubonyeza, anarudi. Mtu wa kijivu alikuwa anatembea, anasimama, anafikiri, anaruka mahali pasipo na kitu. Kila nilipopanda alikufa, na kila niliposubiri jiwe liliniangukia mimi. Nilivumilia kwa dakika tano hivi, ambazo kwangu zilikuwa nyingi.

"Baba, unatuua wote wawili!" nilipayuka. "Si uache tu!"

Aliweka joistiki kwenye meza polepole, waya akaukunja vizuri, akarudisha leso juu ya mkono. Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika. Mama alikuwa mlangoni na mfuko wa sukuma wiki, amesikia, na alinitazama kwa namna ambayo sikungoja kuambiwa nilale bila chakula cha jioni. Mimi nilimpenda baba yangu kuliko mtu yeyote duniani, na bado nilikuwa nimemwambia maneno yale.

Jumamosi nilichukua joistiki zote mbili, nikavuka barabara ya Outer Ring, nikaenda Kariobangi kwa fundi wa redio aliyekuwa na kibanda kando ya wachomeleaji. Alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu, jua liwake lisiwake. Alifungua ile ya pili kwa bisibisi, akanionyesha yaliyomo ndani.

"Unaona hii, siste? Hizi batani hazina maneno. Ni waya tu zinagusana. Naeza zipeleka kwa swichi yoyote, mahali popote unataka. Hata kwa mguu."

"Naweza kupata zote upande wa kushoto? Mtu acheze na mkono mmoja?"

"Hiyo ni kazi ndogo. Nitatumia swichi za kengele ya mlango, kubwa kubwa, hata mkono mzito inabonyeza. Lakini haziwezi ingia kwa hii plastiki. Niletee nyumba ingine."

"Nyumba gani?"

"Ya mbao. Si uliniambia buda yako ni mchongaji?"

Nilirudi nikitembea haraka mpaka nikapata kichomi. Baba alikuwa kwenye kochi. Nilimweleza yote nikiwa bado nahema, kisha nikasema nilichokuwa nimekikariri njiani, kwamba nilikuwa nimekosa adabu na ninaomba radhi. Alisikiliza habari ya kwanza. Ya pili aliipungia mkono kama anayefukuza nzi.

"Mchongaji wa mkono mmoja," alisema. "Umewahi kumwona wapi?"

"Mimi nitakuwa huo mwingine."

Kulikuwa na vipande vya mbao ya mjakaranda nyuma ya mlango, alivyoletewa na wenzake kabla hajaugua. Jioni ya Jumatatu aliniambia nilete kimoja. Alikibana kati ya magoti, nikakishika kwa mikono yote miwili, naye akashika patasi kwa mkono wa kushoto. Makato ya kwanza yalikuwa mabaya hata mimi niliona. Alisonya, akageuza ubao, akaanza upande mwingine. Kila siku baada ya shule tulikaa hivyo, maranda ya mbao yakijaa kwenye zulia la Mama, na Mama, ambaye angenichapa kwa makombo ya biskuti, alifagia tu.

"Tunafanya mbili," Baba alisema.

"Inahitajika moja tu. Ya kwako."

"Moja haiendi popote."

Basi ya kwanza ilikuwa yangu, na ilikaa vilevile kama ya plastiki: matundu manne ya msalaba kushoto, mawili ya batani kulia, na kitundu kidogo katikati. Ya pili nilimchorea kwa chaki. Matundu yote sita kushoto, nikasema, kulia pabaki patupu. Aliitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba amesikia. Umbo tulilitoa pamoja, lakini matundu aliyatoboa peke yake mchana mmoja nikiwa shuleni, ubao ameukanyaga kwa mguu.

Niliporudi nilizikuta mezani, zimepigwa msasa, zinang'aa kwa rangi ya viatu, zimepangwa ubavu kwa ubavu. Nilizitazama mara mbili. Ya pili ilikuwa na msalaba kulia na batani kushoto. Alikuwa ameigeuza. Joistiki mbili zilikuwa zinatazamana kama swala.

"Umekosea!" nilisema. Nilikuwa nimeahidi sitapayuka tena, na ahadi ilikuwa imedumu wiki mbili. "Baba, msalaba ndio kazi yote! Sasa utamwongoza na mkono gani?"

Aliichukua, akaigeuza geuza. Kisha akacheka. Hakuwa amecheka tangu alipougua, na kicheko kilimtoka upande mmoja wa mdomo.

"Miaka ishirini na kitu, Mwaitu. Mikono imezoea hivyo."

"Chonga nyingine."

"Ubao umeisha."

Nyuma ya mlango kulikuwa na kipande kingine kizima. Mimi nilikiona, na yeye aliona kwamba nimekiona. Akatazama televisheni, ambayo ilikuwa imezimwa.

Fundi wa Kariobangi naye alizitazama akakuna kofia. "Hii imegeuka, siste. Ulisema zote kushoto."

"Weka tu hivyohivyo," nilisema.

"Huyo mzee ni mjanja ama ni bahati?"

Aliunganisha waya, akakataa kulipwa, akasema badala yake mzee amchongee mkewe mwiko mkono utakapopona. Aliyasema hayo kana kwamba kupona ni kitu cha kupangiwa wiki.

Sasa mkono wa kulia ilibidi utoke chini ya leso. Siku za kwanza Baba aliuinua kwa mkono wa kushoto, akauweka juu ya ubao kama mtu anayemweka mtoto kitini, na ukalala hapo. Kidole gumba hakikusogea. Alisukuma swichi kwa kiganja chote, na mtu wa kijivu akaenda nyuma akitaka kwenda mbele, akajipigiza ukutani, akatumbukia. Mimi nilikuwa nimeuma midomo. Nilijifunza kutumia ile batani ndogo ya katikati, ambayo kabla ya hapo niliitumia nikienda chooni tu. Baba akisema "Simamisha," mchezo wote ulisimama, mawe yakabaki hewani, naye akapumzisha mkono. Halafu tukaendelea. Siku nyingine tulisimamisha mara thelathini kabla ya kibaraza cha pili, na stima ikipotea tulianza chini kabisa.

Mwezi wa kumi kidole gumba kilishtuka. Nilikiona mwenyewe. Kilisogea kidogo, kikabonyeza juu, na mtu wa kijivu akaangalia juu. Baba alijaribu tena ili ahakikishe, na nikaenda bafuni nikafungua mfereji nikalia, kwa sababu nyumba zetu zile ukuta mwembamba, jirani husikia kila kitu.

Lakini uamuzi wake wa Desemba haukubadilika. Kidole si mkono, alisema, na mkono si kazi. Shule zilifungwa. Mama alikata tiketi ya basi la Jumatatu. Jumamosi mchana sanduku lilikuwa limefunguliwa sebuleni, Mama akikunja mashati, na Baba akaniambia tucheze mara ya mwisho.

Tulikwea vizuri kuliko siku zote. Nilipanda kimoja, nikangoja, akapanda. Nilipanda kingine, nikangoja. Vikabaki vibaraza vitatu na mlango ukaanza kuonekana juu ya kioo, kitu ambacho hatukuwahi kukiona tukiwa wawili. Mtu wangu aliruka akafika kibaraza cha tatu kutoka juu, chini ya jiwe lililochomoza ambapo mawe hayakumfikia. Wa Baba alibaki kibaraza kimoja chini yake, naye akikingwa na jiwe hilohilo. Kupanda hapo ilibidi urudi nyuma kwanza, kisha uruke huku unageuka mbele. Ni kidole gumba chepesi kinachofanya hivyo. Chake kilikuwa kimechoka, na alikuwa amebakiwa na uhai mmoja.

Alijaribu, hakuruka. Alijaribu tena, akaanguka nusura apotee.

"Nenda tu, Mwaitu," alisema. "Usiningoje."

Alisema akiutazama mlango kwenye kioo, lakini sauti haikuwa ya gemu, na Mama aliacha kukunja. Kuruka mara mbili tu, ningekuwa mlangoni. Kioo kingepanda nami, na yeye angebaki chini ya ukingo.

Niliweka joistiki yangu sakafuni. Kwa kuwa najijua, nikaikalia mikono yangu.

"Siendi," nikasema.

"Mtoto huyu..."

"Siendi, Baba. Tutakaa hapa mpaka Krismasi."

Alinitazama. Kisha akautazama mkono wake. Alirudi nyuma, akaruka, akakosa, akaangukia palepale. Akarudi, akaruka, akakosa. Chai aliyokuwa amewekewa ilishika utando. Mama alikuwa amesimama na shati kifuani, hajui amelishika. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani, najua tu kwamba vidole vyangu vilikufa ganzi chini yangu na sikuvitoa. Kisha mtu wa kijivu alirudi nyuma, akaruka, akageuka hewani, akatua kando ya mtu wangu.

Nilichukua joistiki, vidole vikinichoma. "Moja, mbili," nilisema, na tukaruka pamoja. Moja, mbili, tena. Mlango ukafunguka tukaingia wote, na nyuma yake kulikuwa na daraja refu lenye moto ambalo hatukuwahi kuliona.

"Simamisha," Baba alisema.

Nikasimamisha. Mkono wake ulikuwa umeshikamana na ubao, vidole vimekaza, havifunguki. Aliniambia nimsaidie. Nilivifungua kimoja kimoja, kidole gumba mwisho, na kilikuwa cha moto.

"Mama watoto," alisema, "hilo shati lirudishe kabatini. Huku kuna daraja."

Hatukulivuka daraja lile kamwe. Mashine iliungua mwaka uliofuata, stima iliporudi kwa kishindo, na mwenyewe sikuisikitikia sana. Baba alirudi Gikomba, akakaa kwenye safu yake. Swala hakuchonga tena, miguu yao myembamba ilimshinda. Alichonga vijiko na miiko, na mwiko wa kwanza niliupeleka Kariobangi mimi mwenyewe. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza kuhusu ile joistiki, kama alikosea au alijua. Akasema swala wawili hawatazami upande mmoja, akaomba chumvi.

Mara ya mwisho nilimkuta wodini, saa za kuwaona wagonjwa mchana, muuguzi akipiga kengele ya kututoa. Kiharusi kilikuwa kimerudi, na safari hii hakikuacha upande wowote. Watu walikuwa wakikusanya mikoba yao. Alinitazama, mdomo umepinda kama zamani, akasema kwa shida kwamba foleni ya magari ya jioni itanikuta njiani.

"Nenda tu, Mwaitu. Usiningoje."

Nikavuta kiti. Nikaweka mkoba sakafuni, nikauchukua mkono wake wa kulia, nikakaa.